Kurudi Kutoka Mwambani

Meza yangu ipo kando ya barabara ya kuingilia Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, chini ya bati aliloniezekea kaka yangu kabla hajahamia Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Juu yake napanga chupa za gasolina, yaani petroli, kubwa na ndogo, na wateja wangu ni vijana wa mota, hizi pikipiki, na wenye boti za mashine. Tangu kazi za gesi zirudi baada ya vita, barabara haipumziki. Malori ya kokoto yanapita tangu alfajiri, mabasi ya wafanyakazi yanafuata, nami nakaa katikati ya moshi wao nikiuza wa kwangu. Siku za bamvua tu, maji yanapokupwa mpaka mwamba ukabaki wazi, nafungia chupa kwenye kasha na kwenda kutafuta pweza pamoja na mama.

Wanawake wa kwetu tunarithishana mashimo ya pweza. Mimi nilipewa tisa, wiki moja baada ya kuolewa. Mama alinitembeza mwambani, akaligusa kila shimo kwa fimbo yake ya chuma na kusema, hili lako, na hili lako. Shimo la mtu haliguswi bila ruhusa, hata kama pweza amekaa mlangoni anakutazama. Mume tuliachana miaka mingi iliyopita. Mashimo bado ninayo.

Ukirithi mashimo unarithi na adabu yake. Kati ya mwamba na ufukwe upo mfereji, na maji yakiwa yamekupwa tulikuwa tunauvuka bila kulowa magoti. Huko mwambani limesimama jiwe kubwa lililobanwa katikati kama kinu. Maji yanapojaa na kufika kiunoni mwa jiwe hilo, ni wakati wa kurudi, na mfereji bado unavukika. Lakini anayesema turudi ni mkubwa kuliko wote mliotoka pamoja. Hakuna anayegeuza uso kuelekea nchi kavu kabla yake. Msichana akitangulia kugeuka atachekwa msimu mzima, ataulizwa kama ameacha chungu motoni au ameacha bwana. Mimi nilichekwa mara moja, nikiwa na miaka kumi na miwili, na sikurudia.

Hofu yangu ilianzia kwenye daftari. Binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka kumi na mitatu, alikuja mezani pangu baada ya shule, akawa anakariri somo kwa Kireno. Mimi Kireno changu ni cha kuuzia gasolina, nikamwambia anielezee kwa lugha ya nyumbani. Akasema moshi wa magari, wa meli, wa ndege na wa viwanda haupotei kama tunavyodhani. Unabaki juu, unalizuia joto lisitoke, dunia inapata joto na bahari nayo inapata joto. Na maji yakipata joto yanavimba, kama uji unavyopanda kwenye sufuria. Nikamuuliza, na mota je? Aliziangalia chupa zangu kwanza, kisha akaniangalia mimi.

"Mota zimo, mama," akasema. "Prufesora kaziandika ubaoni."

Nilimtuma maji kisimani ingawa ndoo zilikuwa zimejaa. Nilikuwa na hasira naye, na hasira yenyewe ilikuwa woga mtupu. Baadaye nilijituliza kwa maneno ya mtu mwenye kesi: kachupa kangu haka na zile meli zinazopita huko nje, ndefu kama kijiji kizima, aulizwe nani kwanza? Na hao wenye viwanda vya mbali, ambao hata hawajui kama kuna Palma? Maneno yalikuwa mazuri, lakini usingizi haukuja. Nilikuwa nikifungua kifuniko cha chupa nageuza uso nisisikie harufu.

Msimu wa joto uliofuata mwamba uligeuka mweupe. Tulifika tukakuta maji yaliyobaki kwenye vidimbwi yana moto wa kukufanya uondoe mguu. Matumbawe yaliyokuwa ya kahawia, ya zambarau, ya kijani, yote yalikuwa yamepauka. Jirani mmoja akasema mwamba umepakwa chokaa kama nyumba ya harusi, tukacheka. Mama hakucheka. Aliinama, akashika tawi la tumbawe, akalinusa, akalirudisha majini. Miezi michache baadaye weupe ule ulifunikwa na utelezi, na ukikanyaga tumbawe linavunjika kama biskuti. Mtu mmoja wa wale wanaohesabu samaki kule kisiwani Vamizi alikuja sokoni siku moja, akatuambia bahari ilipata homa na matumbawe yamekufa kwa joto. Akasema na mawimbi sasa yatapita bila kuzuiwa, mchanga utahama. Watu walimsikiliza kwa heshima, wakamuuliza kama ana kazi ya kuwapa.

Pweza walipungua. Wenzetu wakaacha kwenda mmoja mmoja, wengine wakaingia kupika chakula cha wafanyakazi, wengine wakabaki shambani. Mama alikataa kuacha. Alisema mashimo yasipotembelewa yanasahau watu wake. Basi tukabaki watatu: yeye, mimi, na binti yangu shule zikifungwa, maana mama alitaka ampe mashimo yake yeye mwenyewe kabla hajafa.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa ya likizo, jua kali, upepo hakuna. Tulipovuka mfereji kwenda, maji yalinifika mapajani. Yalikuwa yamekupwa kabisa, hayana pa kwenda tena, na bado yalinifika mapajani. Niliona. Naapa niliona. Nikamwambia mama kwamba mfereji umekuwa na kina. Akasema mchanga huenda na kurudi, hata enzi za mama yake ulikuwa hivyo, akaendelea kutembea na ndoo yake kichwani.

Huko mwambani sikutafuta kitu. Nilikuwa nachokoa shimo huku macho yapo kwenye mfereji. Rangi yake ilikuwa inabadilika, kutoka kijani cha maji machache kuwa buluu. Mama alikuwa amempata pweza mmoja mdogo na anamwonyesha mjukuu wake namna ya kumtoa bila kuvunja mlango wa shimo. Alikuwa na furaha ambayo sikuiona siku nyingi. Nilisogea, nikamwambia kwa upole kwamba maji yanajaa. Hakuinua hata kichwa.

"Jiwe hujaliona?" akaniuliza.

Nililiona. Maji yalikuwa kwenye miguu ya jiwe, mbali na kiuno. Kwa sheria tuliyorithi tulikuwa na muda wa kutosha wa kufika mashimo mengine matatu. Binti yangu alinitazama usoni, akaona kilichokuwepo, akasubiri niseme neno. Mimi ni mtu wa maneno mengi, kila mtu barabarani anajua, wenye mota wananiogopa. Siku ile nilinyamaza. Mwanamke wa zaidi ya miaka arobaini, nikaogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa maji, na ni mama tu ambaye angenicheka.

Tulisubiri mpaka maji yakafika kiunoni mwa jiwe, barabara, kama inavyotakiwa. Mama akanyooka, akajifunga vizuri kanga yake ya kapulana, akasema haya turudi. Jiwe lilikuwa limesema kweli yake. Ni mfereji uliokuwa umebadilika, na hakuna aliyelipa jiwe habari.

Hatua ya tano maji yalinifika kifuani. Nilimshika binti yangu kwa mkono wa kulia na mama kwa wa kushoto, nikasema twendeni kwa pamoja, tusiachane. Mkondo ulikuwa unatuvuta upande wa kusini, kwa nguvu ambayo sijawahi kuikuta pale. Mama akaanza kusoma shahada. Nilipomsikia anasoma nikajua na yeye anaogopa, na hapo woga wangu ukazidi kipimo, kwa sababu maisha yangu yote mama aliogopa nyoka tu. Miguu yangu ikakosa chini. Binti akameza maji, akanikaba shingo, nikazama naye na kuibuka naye.

Sasa niseme ukweli ambao sijamwambia mtu. Mkono wa mama haukuniponyoka. Niliuachia. Nilihitaji mikono miwili kumwinua mtoto apate pumzi, nikavifungua vidole vyangu mwenyewe, kwa akili timamu. Mama hakupiga kelele. Kapulana yake ilijaa hewa ikaelea, nikaiona inakwenda, kisha sikuiona tena.

Boti la mashine lililokuwa linarudi na samaki ndilo lililotukuta. Nilisikia mlio, kisha nikanusa moshi, moshi wa gasolina ileile ninayouza, na tangu nizaliwe sijafurahia harufu kama nilivyofurahia ile. Walimpata mama kwanza, huko mbali mkondo ulikompeleka, wakaja kwetu naye akiwa amelala juu ya nyavu kama mzigo. Nilidhani nimeletewa maiti. Mmoja wa mabaharia akaniambia, dada, bibi yuko hai, shika hapa upande. Mama alitapika maji ya chumvi, akafungua macho, akauliza mtoto yuko wapi. Hakuniuliza mimi kitu.

Vita vilipokuja kwetu, miaka ya nyuma, niliogopa, na sitaki mtu aniambie sikuogopa. Lakini hofu ile ilikuwa na upande. Unasikia mlio unatoka huku, unakimbilia kule. Tulikwenda kwa miguu mpaka kijiji cha Nhica, tukavuka mto Rovuma, tukalala kwa watu wa Tanzania tusiowajua, na kila hatua ilikuwa inatutoa hatarini. Hofu hii ya sasa nimeigeuza kila upande na sioni pa kukimbilia. Joto lipo huku na lipo kule. Maji yanapanda polepole, bila kelele, na mimi kila asubuhi napanga chupa mezani kwa sababu ndiyo kazi niliyonayo, na kwa sababu boti lile lingekosa gasolina ningekuwa nimemzika mama. Kijana wa mota akija namuuzia. Akiondoka natazama moshi wake mpaka anapokata kona.

Kwa wiki mbili nzima mama hakutaja mfereji. Alikula, aliswali, alipokea waliokuja kumpa pole, akawasimulia habari za boti na kuwachekesha kwamba alivuliwa kama jodari na hakuna aliyetaka kumnunua. Mimi nilikuwa namzunguka kama mwizi anayezunguka nyumba. Nikimpa chai natazama kikombe. Alipoingia chumbani mimi nilitoka. Bamvua nyingine ilikuja ikapita, hatukwenda, na siku ya tatu yake binti yangu akamuuliza bibi yake mashimo yatakuwaje. Mama akamjibu kwamba mashimo yapo, ila alichojua yeye kuhusu kuyafikia kimekwisha kuwa uongo, na hawezi kumrithisha mtoto uongo. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, huku akikuna nazi. Mtoto akatoka nje. Nami nilitaka kutoka.

"Kaa," mama akaniambia.

Nikakaa kwenye mkeka mbele ya mbuzi ya nazi. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu, akakiweka chini, akajifuta mikono.

"Uliniachia," akasema.

Nilijaribu kusema maji yalikuwa na nguvu. Nilijaribu kusema mtoto alikuwa anazama. Machozi tu ndiyo yaliyotoka, na kamasi, kama mtoto mdogo aliyefumaniwa na sukari.

"Nilivihisi vidole vinafunguka, kimoja kimoja," mama akasema. "Ulifanya vizuri. Ungenishika mimi ningekulaani." Akatazama mlango aliopitia mjukuu wake kutoka nje. "Na wewe sikiliza. Joto hili haliishi leo. Mtakuja kufika pahala kama pale tena, wewe na yeye, mimi nikiwa kaburini. Siku akivifungua vidole vyake, usimng'ang'anie."

Nikamwambia nimesikia, mama. Kisha nikachukua lile bakuli la nazi iliyokunwa nikaanza kukamua tui, kwa kuwa nilihitaji kitu cha kushika.