Picha Yetu Iko Wapi?

Juzi, katika ofisi ya kilimo hapa Kericho, afisa alitueleza kwamba setilaiti za nchi rafiki zinapiga picha mashamba yetu kutoka angani, ili ukame ujulikane mapema.

"Hata huu uliokausha chai yangu ulionekana?" akauliza mama mmoja wa Sigowet.

"Ndiyo, mama. Picha iko ng'ambo. Huu ni ushirikiano wa kimataifa."

Mama akashika kiuno. "Mpiga picha wa soko letu akinipiga leo, siku ya soko ijayo ananiletea. Hao wamenipiga hata sijachana nywele, na picha wamekaa nayo! Mimi naingoja hapa."

Akaketi kwenye benchi, kikapu mapajani.

Ushirikiano gani huo, mmoja anaona, mwingine anaonwa tu? Shughuli zangu nilikuwa nimemaliza, lakini nilimwomba mama asogee kidogo, nikaketi.