Kiti cha Aliyefuta

Kila mwaka wataalamu wa programu wanapokutana kwa kongamano lao, siku ya kwanza huwa ya mafunzo, na kila mwaka Mama Rangi hupewa chumba kilekile cha mwisho, kinachopakana na jiko la ukumbi. Sahani zinagongana upande wa pili wa ukuta, mlango haufungi vizuri, na projekta ni ile inayotaka kofi ndipo iwake. Vyumba vikubwa ni vya wenye mambo mapya. Yeye ana somo moja tu, na huu ni mwaka wa tisa analifundisha: namna ya kuharibu hifadhidata na kuirudisha. Waliompa chumba kile, kwa kweli, hawakujua wanampa nani.

Jina la Mama Rangi lilitokana na madirisha ya kompyuta. Wenzake wanapenda skrini nyeusi tii, mtu ajione fundi hasa. Yeye hataki kusikia hayo. Dirisha lililounganishwa na data za kweli liwe jekundu, tena wekundu wa kuumiza macho, na la mazoezi liwe la kijani. Hufundishwi kitu kabla hujabadilisha.

"Mama, hii kompyuta au taa za barabarani?" wanamtania.

"Barabarani pia wapo walioona taa ni urembo," huwajibu. "Nendeni wodini mkawasalimie."

Halafu kuna kiti. Kando ya meza yake huweka kiti kitupu, anachokiita kiti cha aliyefuta. Kabla ya somo hukaa yeye na kusimulia. Miaka kumi na minne iliyopita, akifanya kazi benki ya damu, alitaka kumwondoa kwenye orodha mchangiaji mmoja aliyehama mji. Akaandika amri ya kufuta, akasahau kuweka sharti la kusema ni nani, akabonyeza. Yakaondoka majina elfu kumi na moja. Bekapu, ile nakala ya akiba waliyokuwa wakijivunia, ikakutwa tupu, maana hakuna aliyewahi kujaribu kuifungua. Siku thelathini na nane alikaa stoo akiyachapa upya kutoka kwenye kadi za karatasi, mumewe akimletea chakula getini. Kadi nyingine zilikuwa zimeliwa na panya, na watu wale hawakupatikana tena.

Hatii chumvi, wala hajitetei. Akimaliza huinuka na kuuliza, "Nani mwingine?" Miaka yote minane ya nyuma, kimya. Watu wazima, wenye vyeo vyao, wanaangalia viatu. Basi hukiacha kiti palepale na kuanza somo.

Mwaka huu mwenyekiti mpya wa kamati alimsimamisha koridoni asubuhi. Huyu ni bwana mmoja aliyetengeneza mfumo wa miadi wa kliniki ya figo, na kazi hiyo imempa sifa.

"Shikamoo, Mama. Leo nitakaa kwenye kipindi chako. Watu wanalalamika wanataka mambo mapya. Kama ni yale yale, mwakani tutakuomba upumzike."

Alisema kwa adabu, na ndiyo maana ikauma zaidi. Mama Rangi aliitikia tu. Binti yake alikwisha kumwambia mara nyingi aachane nao, naye humjibu, "Nikiacha, nani atawaambia?"

Kipindi kilipoanza akasimulia kisa chake, akauliza swali lake, kimya kikawa kilekile. Watu wakaanza kuweka rangi. Mwenyekiti alikaa karibu na dirisha, kompyuta yake nyeusi kila mahali, mfumo wa kliniki ukiwa wazi sambamba na mazoezi.

"Mimi nayajua madirisha yangu," alisema akicheka.

Siku nyingine Mama Rangi asingemwacha, piga ua. Leo aliogopa kumuudhi, akampita. Kwa hilo alikuja kujilaumu.

"Haya, kuna orodha ya mazoezi inaitwa wagonjwa. Ifuteni yote, bila sharti. Nataka mikono yenu ionje."

Kibodi zikalia, watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alikuwa ameinua mikono juu ya kibodi kama aliyegusa sufuria ya moto. Mama Rangi aliijua mikono ile. Akawaambia wengine waanze kurudisha, akaenda kumwinamia.

"Ya kweli?" alinong'ona.

"Ya kweli. Na yangu inaitwa wagonjwa vilevile. Mama, wa mchana wanaanza kufika saa nane."

"Bekapu?"

"Inajihifadhi kila usiku."

"Umewahi kuirudisha?"

Bwana yule alitikisa kichwa.

Mama Rangi alivuta kiti cha jirani, akakaa akiwapa mgongo wengine ili wasione skrini. "Usiguse ya kweli. Kwanza tuifungue kwenye mazoezi, tuone ina nini." Dakika kumi na mbili walisubiri. Ikafunguka. Watu wote walikuwemo, isipokuwa walioandikwa asubuhi ile.

"Piga simu mapokezi. Wasiingize kitu, na wakusomee daftari la leo."

Mwenyekiti alitoka koridoni na kalamu, akarudi na majina kumi na tisa. Wakayaingiza, wakahesabu mara mbili, ndipo wakairudisha kwenye dirisha la kweli, ambalo sasa lilikuwa jekundu. Ilikuwa saa sita kasoro.

"Halitoki hapa hili, baba," alimwambia, akarudi mbele. "Haya, bekapu ya nani imegoma?"

Mwingine angemshika bwana yule pabaya, akajipatia chumba kikubwa. Yeye hata hakulifikiria, na kwa hilo namvulia kofia.

Kipindi kilipokwisha, watu wakikusanya mikoba, mwenyekiti aliinuka. Wakadhani anakwenda kutoa zile shukrani za kamati. Alipita mbele, akakaa kwenye kiti.

"Leo saa nne na nusu," alianza, "nimefuta wagonjwa mia nne na sita."

Mikoba ikarudi chini. Mama Rangi alikuwa akikunja waya wa projekta, akaacha. Bwana yule alisema yote, hata ile ya kuyajua madirisha yake. Kisha akawatazama wenzake.

"Nani mwingine?"

Mkono mmoja ukainuka, halafu wa pili, halafu ikawa sita. Mama Rangi akaenda kule nyuma, akatafuta nafasi kati ya wasikilizaji, akakaa.