Breki Inayougua Bugarama Tu

Gurudumu la mbele linazunguka hewani, na Aloys Ntahomvukiye amelitegea sikio. Anabana breki, gurudumu linasimama. Anaachia, linazunguka tena bila hata kukwaruza. Ni mara ya tano asubuhi hii.

"Hii freni iko muzima," anasema. "Labda we ndiye mugonjwa."

Mwenye baiskeli, Chanelle, binti wa miaka ishirini, hacheki. "Papa Aloys, huku chini iko muzima. Kule juu Bugarama inakamata, inakataa kuachia."

Keshokutwa Jumapili atashindana kushuka kutoka huko Bugarama hadi Bujumbura, kona juu ya kona, bonde likiwa upande mmoja. Wiki iliyopita, mazoezini, aliachia breki na breki haikumwachia. Mpira wake ulisugua rimu hadi ukanuka moshi na kuanza kuteleza. Alisimama kwa kuburuza kiatu.

Aloys ana miaka sitini na mmoja. Nusu ya umri huo ameimalizia hapa mtaa wa Cibitoke, Bujumbura, chini ya bati moja, akitengeneza baiskeli za wabeba ndizi ambao breki yao, mara nyingi, ni soli ya kandambili. Siku nzuri hupata faranga elfu kumi na mbili. Siku mbaya haisemi.

Anaishi peke yake tangu mkewe, Marguerite, afariki miaka mitatu iliyopita.

"Siku alipozidiwa, ambilansi ilikuwa pale, imelala kivulini," anasimulia huku akitafuta spana. "Dereva akaniambia, muzee, mafuta hakuna. Nikamubeba kwenye kiti cha nyuma cha velo. Siku ileile magari ya wakubwa yalipita hapa, vioo juu. Yale mafuta yao yalitoka wapi? Miye sikusoma, lakini hiyo hesabu naijua."

Hangoji jibu. Anafungua nati ya katikati na kuitenganisha mikono miwili ya breki. Kidole chake kinatoka na rangi ya chungwa. Anakinusa.

"Chanelle. Ulipaka nini hapa?"

"Mafuta kidogo."

"Mafuta gani?"

"Ya jikoni kwa mama."

"Mawese?"

Ng'ambo ya njia, Khadidja, muuza juisi, anapiga makofi kwa kicheko. "Subhanallah! Umekaanga freni! Sasa ongeza na majani ya sombe, tukule!"

Aloys hacheki. Anamwomba Khadidja barafu.

"Barafu yangu ni ya juisi, Baba, apana ya velo."

"Nipe tu. Utaona kitu."

Khadidja ananung'unika, lakini anafunua kasha lake. Breki inarudishiwa nati, inafungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuzikwa ndani ya barafu. Baada ya robo saa Aloys anaitoa na kuibana kwa mkono. Anaachia. Breki inabaki imejibana vilevile. Kwenye maungio mawese yameganda, manjano, mazito kama nta ya mshumaa.

Hapo wote watatu wanaona. Joto la Bujumbura huyaacha mawese yateleze. Baridi ya Bugarama huyagandisha, na breki nayo ikaganda.

Chanelle anatazama chini. "Kopo dogo la mafuta ya mashine ni elfu kumi na tano. Sikuwa nazo."

"Mi sikulaumu, mutoto wangu," Aloys anasema. "Nalaumu wale waliofanya kopo liwe elfu kumi na tano. Lakini mulima haisikilize lawama."

Anasafisha kila kipande kwa mafuta ya taa na kitambaa, mpaka kitambaa kinatoka kikavu na cheupe. Anausugua mpira wa breki kwa msasa. Kisha anatoa kichupa cha mafuta ya cherehani kilichokuwa cha mkewe, anadondosha tone moja kwenye ungio, na kufuta linalozidi. Anafunga, anasawazisha pande mbili. Anabana, anaachia. Breki inafunguka kwa mlio mdogo mkavu.

"Sasa imepona?" Chanelle anauliza, tayari ameshika usukani.

Aloys angeweza kusema ndiyo. Wengi wangesema. Anafuta mikono polepole.

"Asubuhi pia nilikuambia iko muzima," anasema. "Nilikosea. Na barafu ya huyu mama si Bugarama."

Kwa hiyo kesho atafunga kibanda, kitu ambacho hakifanyi siku ya Jumamosi. Atapanda lori la ndizi linalorudi milimani tupu, yeye, Chanelle na baiskeli, wafike juu kabla ukungu haujainuka.

"Nitaibana mimi wa kwanza, kule kwenye baridi. Ikikataa kuachia, Jumapili haushuke. Hata ukinililia."

"Na ikiachia?"

"Ikiachia, shuka kesho palepale, tujaribu. Mi nitakuja nyuma na lori." Anamkabidhi baiskeli, lakini mkono wake haujatoka kwenye tandiko. "Nataka nikukute chini umesimama na miguu yako mwenyewe."