Mwezi Niliokuwa Ulimi wa Jiko

Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima ziligongana, na mimi nilikuwa Mkristo peke yangu katika jiko la hoteli yetu ya Mji Mkongwe. Wenzangu wote walikuwa wamefunga. Mchana kutwa walikata, walikuna nazi, walikaanga, na hakuna aliyetia kijiko mdomoni. Najua wapo wanaosema mpishi anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi kisha akatema. Mpishi wetu mkuu, mzee wa Makunduchi, hakutaka hata kuisikia habari hiyo. "Saumu yangu siichezei," alisema. Kwa hiyo kila Ramadhani kazi ya kuonja ilikuwa yangu. Chungu kikikaribia kuiva ananiita, naitika naam, naonja, nasema chumvi bado au ndimu imezidi, naye anarekebisha. "Mwezi huu ulimi wetu ni wewe," alizoea kunitania. "Ukiugua tumekwisha."

Mzee huyo ndiye aliyenitoa kwenye kuosha masufuria. Nilitoka Muheza nikijua ugali, mchicha na ubishi, naye akanifundisha kazi bila kunificha kitu. Lakini mwaka ule yeye mwenyewe alikuwa amekalia kaa la moto. Wiki chache kabla ya mfungo mgeni alilalamika kwamba samaki hakuiva ndani. Meneja wetu, mwanamke wa Kihindi mzaliwa wa hapo hapo Mji Mkongwe, mtu asiyepoteza maneno, alimwambia mbele yetu sote: "Mzee, likitokea jengine utakwenda kupumzika nyumbani." Mzee amepita miaka sitini na watu wa nyumbani kwake wanamtazama yeye. Tangu siku hiyo kila samaki alimpasua mara mbili kumtazama ndani kabla ya kumpakua.

Kwangu nako, Mtoni, kulikuwa hakukaliki. Baada ya Krismasi tulimchukua mama mkwe wangu kutoka Muheza kwa sababu kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Mara mbili majirani walimkuta kwenye barabara ya Bububu, amevaa kanga moja, analitafuta shamba lake la machungwa. Mume wangu alitaka niache kazi nikae naye. Hakugombana. Alilisema asubuhi, akalirudia jioni, kesho yake tena, kwa sauti ile ile ya kumkumbusha mtu afunge mlango. Na mimi nina mdomo, sijifichi. Kila alipoanza nilihisi maneno yananipanda mpaka kooni, nikajua siku nikiyaachia, ndoa itaondoka nayo. Yule bibi nilimhurumia na papo hapo nilimchukia, kisha nikaona aibu mbele ya Mungu kwa kumchukia mtu ambaye hata jina langu halijui tena.

Nilikwenda kwa mama anayeongoza kikundi chetu cha maombi kanisani. Akaniambia nifunge siku tatu kavu, bila chakula wala tone la maji mpaka jua lizame, nimwombe Mungu anipe nguvu ya kunyamaza. "Na usimtangazie mtu," akasema. "Mfungo ni siri yako na Mungu wako." Nikaona hiyo ndiyo dawa. Nikaweka nadhiri: Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Nilikuwa na akili zangu timamu, na bado haikunijia hata kidogo kwamba mimi nalipwa mshahara kwa kuonja.

Nilikumbuka Jumanne mchana, mzee aliponiita kwenye maharage ya nazi.

Ningeweza kusema. Ilikuwa ni kumwambia tu, "Mzee, leo na mie nimefunga," naye angetafuta njia. Lakini angeniuliza kisa, nami nilijua nikianza habari za nyumbani nitalia mbele ya jiko zima. Pia kulikuwa na kiburi, nikisema kweli. Nilitaka nadhiri yangu itoke safi, isiguswe na mtu. Nikachota kijiko, nikakigusisha mdomo wa chini, nikajipangusa kwa aproni.

"Iko sawa," nikasema.

Na ilikuwa sawa, maana mkono wa mzee una mizani yake. Jumatano nikafanya vile vile. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu kwa siku mbili ilininyookea, nikaanza kuamini kwamba Mungu ananifunika.

Alhamisi mwenye hoteli aliandaa futari ya jamaa zake na wafanyabiashara wenzake, watu wapatao arubaini, juu ya paa. Meneja alishuka jikoni mara tatu tangu adhuhuri. Mara ya tatu alimtazama mzee tu, kisha akapanda tena. Mzee alikuwa ameamua kwamba chakula kikubwa kiwe pweza wa nazi, kwa sababu hapo hana mpinzani. Siku zote alitwambia pweza anatoka baharini na chumvi yake, asitiwe nyengine mpaka aonjwe. Siku ile, kwa haraka na kwa hofu, alitia chumvi wakati wa kumchemsha na akasahau. Mpishi wa pili, dada wa Jambiani, naye akatia wakati wa kumimina tui. Hakuna aliyemwona mwenzake. Walikuwa wananitegemea mimi.

"Njoo uonje," mzee akaniita. Jasho lilikuwa linamtoka. "Na leo onja vizuri, mwanangu. Leo ndiyo leo."

Nikachota, nikagusisha, nikajipangusa. Nakumbuka nilimtazama machoni kabisa.

"Iko sawa."

"Alhamdulillahi," akasema, na mabega yake yakashuka.

Vyombo vikapandishwa. Adhana ya magharibi ikatoka misikitini, huu na ule, wageni wakafungua kwa tende na uji. Kwa kawaida, wakishafungua hivyo huenda kusali kwanza, ndipo warudi kula. Wenzangu wa jikoni nao waliingia kusali kwenye chumba cha stoo. Nikabaki peke yangu. Nadhiri yangu ilikuwa imekwisha, siku tatu zimetimia. Nikala tende, nikanywa maji, nikamshukuru Mungu. Kisha nikachota mchuzi wa pweza uliobaki sufuriani.

Nikautema. Nilidhani ni ulimi wangu, maana umeshinda mkavu. Nikasukutua, nikaonja tena. Ilikuwa chumvi tupu, haimezeki.

Nataka kusema ukweli wa kilichopita moyoni mwangu, maana watu tukisimulia habari za imani hupenda kujipamba. Ombi langu la kwanza lilikuwa: Mungu, wasigundue. La pili lilikuwa baya zaidi. Niliwaza kwamba wakigundua, atakayeulizwa ni mzee, maana mimi hakuna aliyenishika mkono kuona kama nimeonja. Nilikaa na wazo hilo kwa muda wa kutosha kulijua ladha yake. Nikasikia sauti ya mzee kule stoo akiwasalisha wenzake, ile sauti ya mtu aliyetua mzigo, anayedhani siku imemwendea salama. Nikasema, kwa sauti kabisa, "Bwana, nisaidie," na sikujua namwomba anisaidie nini. Nikakimbilia ngazi.

Ngazi za nyumba zile ni za mbao na zimesimama kama ukuta. Nilifika juu napumua kwa shida. Wageni walikuwa upande wa pili wa paa wanasali. Meneja alikuwa peke yake mezani akipanga sahani. Nikalishika lile bakuli kubwa la pweza.

"Unalipeleka wapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

Uongo ulikuwa tayari ulimini, mzuri, na ungeaminika: limepoa, napasha moto. Kinywa kilishafunguka. Hata leo sijui kwa nini hukutoka.

"Imezidi chumvi," nikasema. "Mimi ndiye niliyetakiwa kuonja na sikuonja. Nilikuwa nimefunga, nikamdanganya mzee. Yeye hana kosa."

Alinitazama, akawatazama wanaosali. "Wakitoa salamu wanakuja kula," akasema. "Nenda."

Nilishuka na bakuli lile kifuani, mchuzi ukinimwagikia. Mzee alikuwa ndiyo kwanza anatoka stoo, kofia mkononi. Nilimwambia yote pale pale, mbele ya wote, pamoja na uongo wa siku zote tatu. Uso wake ulibadilika, nikadhani atanitukana, na laiti angenitukana. Alichukua upawa, akaonja, akafumba macho. Akamgeukia dada wa Jambiani: "Kuna nazi ngapi?"

Walimwaga mchuzi wote. Wakamwosha pweza kwa maji ya moto, dada akakamua tui jipya, mimi nikamenya mbatata zilizochemshwa, za kunyonya chumvi, zikiniunguza vidole. Huko juu tulisikia viti vinavutwa. Mhudumu akashuka kuuliza pweza yuko wapi, mzee akamwambia awape majimbi na sambusa kwanza. Tui likachemka. Mzee akachota kijiko. Saumu yake ilishafunguliwa, aliweza kuonja mwenyewe. Badala yake akaninyooshea mimi.

"Onja."

Nikaonja, nikameza. "Bado kali kidogo," nikasema. "Ongeza tui na ndimu."

Akaongeza. Hakuniuliza mara ya pili.

Pweza alipanda kwa kuchelewa. Hakuna aliyemsifu na hakuna aliyelalamika, sahani zilirudi tupu, na siku ile hilo lilitosha. Meneja aliniandikia barua ya onyo, ya kwanza maishani mwangu, nikaitia saini. Mzee hakuguswa.

Tulipokuwa tunafuta meza nilimwomba radhi tena. Aliendelea kufuta.

"Mie nimekasirika," akasema. "Nitakasirika mpaka Idi, usinifanyie haraka. Lakini nambie, siku tatu zote hizo, ulikuwa unamuomba Mungu nini?"

"Nguvu ya kunyamaza."

Alisimama na kitambaa mkononi. "Basi hakukupa," akasema. "Mshukuru."

Asubuhi yake nilimkuta mume wangu uani, anamlisha mama yake uji kwa kijiko, na bibi anautema. Sikusubiri aanze. Nilimwambia siachi kazi. Nikamwambia kwamba mama yake peke yangu simuwezi, kwamba nampenda na kuna siku simtaki machoni, na kwamba Mungu ndiye anajua nimelia kiasi gani kwa hilo. Nilisema bila kupandisha sauti, jambo ambalo kwangu ni muujiza. Nikangoja anirukie.

Alimfuta mama yake kidevu. Akakiweka kijiko bakulini.

"Kumbe na wewe humuwezi," akasema. "Nilidhani ni mie tu."