Ugali Aliokataa Mkimbiaji

Jumamosi iliyopita, kwenye mbio ndefu za kuzunguka mji wa Arua, nilisimama pale mtaa wa Oli karibu na kijana kutoka Abuku aliyekuwa amemzika mama yake wiki ile ile. Mshindi angeandikwa kazi ya uaskari, na kijana ana wadogo wa kulisha. Mama yake mdogo alimshikia ugali wa muhogo ndani ya jani.

“Kula, mtoto yangu. Mbio ya mbali inataka unga.”

“Hapana, mama. Tangu tuzike, mimi nakunywa maji tu.”

“Dada yangu ndiyo alikufa. Wewe iko hai!”

Akaukwepa mkono wake, akaenda kukimbia. Aliongoza mizunguko ya kwanza. Katika mzunguko wa mwisho, mbele ya macho yetu, miguu ilimkatalia. Akakaa chini barabarani, wote wakampita.

“Mapafu iko, chakula hakuna,” mwalimu wa mbio, mwenye daftari la majina, alisema, akageukia wengine.

Mama mdogo akapiga magoti, akammegea tonge. Sasa alikula, huku analia.

Mimi nimefiwa na mke, na sahani hunishinda. Lakini Mungu anaiona huzuni yetu hata tukishiba. Mwalimu wa mbio haioni. Yeye huandika jina la aliyefika.