Mtoto Tuliyemnyima Ndizi

Juma lililopita nilishuka Kyimo, kwetu Rungwe, mvua ikinyesha, nikapanda kilima mpaka ilipokuwa nyumba yetu. Migomba yote imeng'olewa, pamepandwa maparachichi ya kusafirisha nje. Nilisimama pale nikilowa, na aliyenijia akilini ni mdogo wangu wa kike.

Wewe uliyekulia kwetu unajua ndizi ni nini. Asubuhi tulikula za kuchoma kwa chai, mchana mbalaga, ndizi za kupika, kwa maharage, jioni mbalaga tena. Migomba iliizunguka nyumba hata mwanga ulioingia ndani ulikuwa wa kijani. Mdogo wangu alikuwa mtoto wa maneno mengi. Aliongea na kuku, aliongea na jembe. Kisha ikaja surua. Vipele vilipokauka homa ilikuwa imeshapanda kichwani. Alipozinduka, maneno yalikuwa yamemtoka, na degedege likaanza kumwangusha popote, hata jikoni penye moto.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Tukuyu yalijaa redio na mitumba, lakini hospitalini uliambiwa dawa zimekwisha, kanunue mwenyewe. Tulizonunua hazikumsaidia. Ndipo daktari mmoja mgeni, aliyekuja kwa muda tu, akawaita mama na bibi. Mimi nilikuwa nimembeba mdogo wangu mgongoni, nikasikia yote.

"Ugonjwa umeumiza ubongo wake," alisema. "Tujaribu kumlisha mafuta badala ya wanga na sukari. Wapo watoto wanaotulia. Siagi, mayai, parachichi, nyama yenye mafuta. Ndizi hapana. Ugali, viazi, chai ya sukari, hapana. Na mniletee nimwone mara kwa mara."

Bibi alishika kiuno. "Daktari, mtoto wa Rungwe asile ndizi? Sasa ale nini, majani?"

Lakini ni bibi huyo huyo aliyeibeba kazi. Kila asubuhi alikaa mlangoni akitikisa maziwa kwenye kibuyu mpaka siagi ijikusanye. Ng'ombe tulikuwa naye mmoja. Sisi wengine tulikula nyuma ya nyumba, kimyakimya, ili mtoto asituone. Harufu hatukuweza kuificha. Alilia, na jirani yetu akapaza sauti toka kwake: "Mnamtesa mtoto kwa njaa, na migomba imewazunguka!"

Degedege likapungua. Zilipita siku nzima asianguke. Asubuhi moja akamshika bibi shavu, akasema, "Bibi." Mama alikaa chini palepale kwenye matope, akalia.

Wakati huo josho la kijiji la kuogeshea ng'ombe lilikuwa limekauka. Serikali haikuleta tena dawa ya kupe. Ng'ombe wetu akashikwa na ndigana, homa iletwayo na kupe, akafa. Mwenye duka wa pale kijijini, mzee wa msikitini, alituletea kopo la mafuta ya kupikia kwa huruma yake. Mtoto aliyatapika. Tulipokwenda kwa daktari, tukaambiwa amesharudi kwao, na daktari aliyeshika nafasi yake hakuijua habari hiyo ya mafuta. Maparachichi nayo msimu wake ukaisha. Mdogo wangu akakonda, akawa analala kwenye mkeka macho yakiwa kwenye chungu.

Mchana mmoja mama alichukua sahani, akapakua mbalaga.

"Mwanangu, usimpe," bibi alisema.

"Siagi iko wapi, mama? Nionyeshe ilipo, nimpe hiyo. Huyu mtoto ana njaa. Acha ale."

Alikula kwa mikono yote miwili, akicheka, mchuzi ukimtiririka kidevuni. Aliongezwa, akamaliza. Sikuwa nimemwona na furaha kama ile tangu surua. Baada ya siku chache degedege likarudi, na safari hii halikumpa nafasi ya kupumua. Tulimzika kabla mahindi hayajakomaa.

Bibi alimfuata. Kibanda cha jikoni kilianguka, na wale tuliokula pamoja nyuma ya nyumba tumetawanyika, wengine sijui waliko. Mama ni mzee sasa, naishi naye mjini. Hajawahi kuniuliza kama alikosea siku ile. Angeniuliza ningemwambia hapana, upesi, kabla hajamaliza swali. Nadhani anajua kwamba ningejibu hivyo, ndiyo maana haulizi.