Breki Zinashika na Fundi Haoni Shida

Leo nimemfokea fundi wangu mbele ya watu, na hadi saa hii sijatulia.

Gari yangu ya turbo inashika breki tangu Jumapili. Diski za mbele zinachemka hadi harufu inaingia ndani.

Na kesho nambeba mama, tunashuka miteremko ya Kilungu na mbuzi za ntheo, yaani mahari ya ndugu yangu!

Nikamvamia fundi Muthoka kwa gereji yake hapa mjini Wote. "Tangu uweke hizi pedi za breki gari imeharibika!"

Akainua gari na jeki, akasukuma gurudumu na kidole. Likazunguka kama feni.

"Endesha nione," akasema, akaingia.

Tukazunguka soko, tukarudi. Akamwagia diski maji. Chwaaa! Mvuke.

"Si nilikuambia?" nikapiga kelele.

"Muthoni, breki unakanyaga na mguu gani siku hizi?"

Wa kushoto, jamani. Nimekuwa nikiiga madereva wa rali kwa video, na mguu haujatoka kwa pedali ya breki wiki nzima.

Nimeomba msamaha. Kuna mwingine kama mimi hapa?

Naandika hii nikiwa kwa kiti, na huo mguu bado umekanyaga zulia.